Kiharusi: nikitembea kiwiliwili kinalala upande. Nianze kunyoosha mgongo au mguu?

FundiNgamiani (Tanga)

Assalam alaykum wana jukwaa, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, miaka 57, kazi yangu kanzu. Mwezi wa Shaabani, oda za Idi zimejaa mpaka chini ya meza, niliamka alfajiri nikaitafuta kandambili kwa mguu wa kulia, mguu hauipati. Nikadhani nimeulalia ukafa ganzi. Nikainuka, nikaenda chini pamoja na ndoo ya maji. Hospitali wakasema kiharusi, upande wa kulia wote. Presha ilikuwa juu sana, na vidonge nilikuwa nimeviacha mwezi mzima kwa vile nilijiona mzima. Hilo nimeshajilaumu vya kutosha, msinirudie.

Sasa huu ni mwezi wa saba tangu siku hiyo. Maneno yamerudi, mke wangu anasema yamerudi na riba. Mkono unashika kitambaa lakini mkasi bado. Natembea na fimbo ndani, na mpaka msikitini, nyumba ya nne kutoka kwangu. Kusali nasali kwenye kiti.

Shida yangu ni mwendo wenyewe. Juzi nimetoka kutia udhu, sakafu yetu ya saruji, nikageuka kuitafuta kofia nikaziona nyayo zangu zinang'aa. Wa kushoto umepiga muhuri kamili, vidole vitano na kisigino. Wa kulia hauna kisigino wala kidole gumba. Upo ukingo wa nje tu, na kabla yake mkwaruzo uliopinda kama mundu, unatoka nje unaingia ndani. Nikachukua futi yangu ya kazini (mke wangu alicheka mpaka akakaa chini). Kutoka kidole kidogo cha kushoto mpaka kidole kidogo cha kulia kinapotua mbele yake, sentimita 41. Kutoka hicho cha kulia mpaka cha kushoto kinachofuata, 19. Nilipima hatua sita kabla hazijakauka, zote zimecheza humo humo.

Halafu nikasimama mbele ya kioo cha wateja, nimevaa shati la vifungo. Nikipiga hatua ya kulia, mstari wa vifungo unalala kushoto na nyonga ya kulia inapanda kama mtu aliyebeba mtoto ubavuni. Wale watoto wa mtaa wanaocheza mpira hapo nje wameshaniiga, na kusema kweli wameniiga vizuri.

Mtaalamu mmoja wa mazoezi nilimwona mara mbili, kisha nauli ikanishinda. Aliniambia neno moja tu: nyoosha mgongo. Nikinyoosha, vidole vinajikwaa sakafuni. Mara ya mwisho niliokolewa na mlango.

Swali langu. Kwenye ushonaji kola ikivuta, fundi mchanga hufumua kola. Fundi mzoefu anaangalia bega kwanza. Sasa kwangu mimi bega ni lipi? Kiwiliwili ndicho kinachouharibu mguu, au mguu ndio unaokipinda kiwiliwili? Na cherehani ya kukanyaga kwa miguu nitairudia?

BintiPongwe

Pole sana fundi. Marehemu bibi yetu alichuliwa kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, asubuhi na jioni, akalala vizuri sana. Hakutembea lakini alilala vizuri. Jaribu.

FundiNgamiani

Ahsante mwanangu. Nachuliwa, na ni raha. Ila nikishuka kitandani naukuta mguu ni uleule.

FizioWilayani

Shikamoo fundi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nilisomea Moshi, sasa niko hospitali ya wilaya. Sijakuona wala kukushika, kwa hiyo nisikilize ukijua hivyo. Lakini futi yako imenieleza mengi kuliko barua nyingi za rufaa ninazoletewa.

Nianze na hizo 41 na 19. Mtu angetegemea mguu mgonjwa ndio upige hatua fupi. Kwako, kama kwa wagonjwa wangu wengi, mfupi ni mguu mzima. Ili wa kushoto uende mbele, wa kulia lazima ubaki chini peke yake umebeba mwili wote, na wewe huuamini. Kwa hiyo unauwahisha wa kushoto chini kabla hujaanguka. Zile 19 ni kipimo cha imani yako kwa mguu wa kulia.

Sasa huo mundu. Mguu ukitaka kupita bila kugusa sakafu lazima ufupike: nyonga ikunje, goti likunje, vidole vinyanyuke. Wako haufupiki. Goti limekaza na wayo unaning'inia. Mguu usiofupika una njia mbili za kupita. Uzungushwe nje, au nyonga ipandishwe kwa kukilaza kiwiliwili upande wa pili. Wewe unatumia zote mbili. Ndiyo maana ulipoambiwa nyoosha mgongo ulijikwaa: uliondolewa ngazi na wewe bado uko juu ya paa.

Ila usikiondolee kiwiliwili lawama zote. Misuli ya tumbo na mgongo hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo haipoozi kama mkono. Inabaki dhaifu, na inachelewa. Kabla mguu haujaacha ardhi, kiwiliwili kinatakiwa kiwe kimeshahamia upande utakaobaki chini. Kwa mtu asiyeumwa hilo linatokea bila yeye kujua. Kwa aliyepata kiharusi linakuja limechelewa, au linakuja pungufu. Ndiyo maana mgonjwa mpya simkimbizi kusimama. Namkalisha ukingoni mwa kitanda kwanza nione anakaaje. Anayeweza kukaa bila kushika kitu, akanyoosha mkono pembeni na kurudi katikati, huyo nina matumaini naye ya kutembea.

Naomba kitu kimoja. Mwanao akurekodi kwa simu ukitembea, kutoka mbele, nyuma na ubavuni, umekunja suruali juu ya magoti. Kisha angalia kiwiliwili kinalala saa ngapi: wakati mguu wa kulia uko hewani, au wakati umekanyaga? Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Na kama una mita 10 za sawasawa, pima muda.

FundiNgamiani

Marahaba binti, Mungu akuzidishie. Kijana amerekodi barazani. Nimeangalia polepole, mara ya kwanza katika maisha yangu kujiona kwa nyuma, na sikupenda.

Mguu wa kulia ukiwa hewani, nalala kushoto kama nilivyosema. Lakini kuna jingine sikulijua. Wa kulia ukishakanyaga, na wa kushoto unaondoka, naangukia KULIA kidogo, ghafla, kama meza iliyotolewa kigingi. Na goti la kulia halikai. Linarudi nyuma, taa! kama mlango wa bembea. Kijana kasema, "Baba, unayumba kama mashua." Kwa hiyo nayumba pande zote mbili, kila upande kwa sababu yake.

Mita 10 nimepima kwa futi, nikaweka chaki. Sekunde 31.

FizioWilayani

Hapo sasa tumepata bega la kola, na ni mawili.

Kule kulala kulia ukiwa umekanyaga: pembeni mwa nyonga kuna msuli unaozuia kiuno kisidondoke upande ambao mguu umeinuliwa. Wa kulia kwako umechoka, kiuno kinadondoka kushoto, na mwili unajitupa juu ya nyonga ya kulia ili usianguke. Hapo pia kiwiliwili kinasaidia. Goti kurudi nyuma nalo ni ujanja: mapaja hayana nguvu ya kulishika likiwa limekunja kidogo, basi unalifunga kwa kulisukuma mpaka mwisho. Linabeba, lakini miaka ikienda litauma, kwa hiyo hilo nalitaka mapema.

Sekunde 31 kwa mita 10 ni mwendo wa mita 0.32 kwa sekunde. Sisi tunahesabu hivi: chini ya 0.4 mtu huwa wa ndani ya nyumba, na akifika 0.8 anaweza kuzunguka mjini bila kusubiriwa. Kwako lengo la kwanza ni sekunde 25. Usilipige kwa kukimbia!

Haya, kazi. Keti kwenye kiti kisicho na mgongo, ukuta au kitanda kiwe upande wako wa kulia, miguu yote imekanyaga. Hamia kwenye kalio la kulia mpaka usikie limebeba, ubavu wa kulia urefuke badala ya kujikunja, rudi katikati. Kisha weka vibobini vya uzi mbele na pembeni kulia, mbali kidogo kuliko mkono unavyofika, uvifuate kwa mkono wa kushoto. Mwili ukivuka katikati kuelekea kulia, umeshika kazi ninayoitaka.

Kuinuka kwenye kiti ndiyo dawa kubwa. Kwanza weka kiti kirefu, hata mto juu yake. Wayo wa kulia uvute nyuma kidogo kuliko wa kushoto. Ukiuacha mbele, wa kushoto utafanya kazi yote na wa kulia utakuwa mgeni mualikwa. Pua ipite juu ya vidole vya miguu, inuka, shuka taratibu, usijiangushe. Rudia mara nyingi kwa siku, kwa mafungu madogo, kila unapopumzika kazini. Kumi za asubuhi peke yake haziuamshi ubongo.

Lala chali, magoti yamekunjwa, inua makalio. Ukizoea, punguza nguvu ya kushoto. Kisha simama umeshika meza ya kukatia, tembea kiupandeupande kwenda kulia na kurudi: huo ndio msuli wa nyonga. Mwisho, weka tofali chini, juu yake upandishe mguu WA KUSHOTO, taratibu, na kuushusha. Mguu unaofanya mazoezi hapo ni wa kulia uliobaki chini. Goti la kulia likunje kidogo tu, lisiende nyuma. Mtu asimame upande wako wa kulia, asikuvute mkono huo hata kidogo. Bega la mgonjwa wa kiharusi huachia kwenye kiungo.

Fimbo iko mkono gani?

FundiNgamiani

Kulia… maana ndiko kuliko dhaifu. Nimeshajua jibu kwa namna ulivyouliza.

FizioWilayani

Kushoto, fundi! Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama na mkono umening'inia. Fimbo mbele, kisha kulia, kisha kushoto. Ngazi: kupanda mzima anatangulia, kushuka mgonjwa anatangulia.

Na presha ipimwe kabla ya mazoezi kila unapoweza. Ukisikia kifua kinabana, au udhaifu mpya, au mdomo umekwenda upande, hapo usije kuniuliza mimi jukwaani, nenda hospitali saa hiyohiyo.

UmmuRashid_Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nataka kuongeza, maana kuna kuinama kwingine ambako si huku, na mtu asije akachanganya.

Babangu mzee ni fundi mwashi. Kiharusi kilimshika kushoto. Yeye alikuwa halali upande mzima, alikuwa ajisukuma kwenda upande mbovu! Mkono wa kulia washika kitanda na kusukuma, mguu wa kulia wasukuma, mpaka aanguka kushoto. Sisi tukimsukuma arudi katikati, naye azidi kutusukuma, atuambia nyinyi ndio mwaniangusha. Tulidhani ni ukaidi wa uzee. Ndugu yangu mmoja akasema ni jini.

Dada wa mazoezi alipokuja nyumbani hakumshika. Alimuuliza, mzee, ule mwimo wa mlango uko sawa? Babangu akaangalia, akasema uko sawa, niliuweka mwenyewe. Na wewe uko sawa nao? Akanyamaza sana. Tukamtafutia timazi yake kwenye sanduku la vyombo, tukaifunga juu ya mlango, ikaning'inia mbele yake. Macho yake yalikuwa hayajadanganyika, ni mwili tu ndio uliokuwa wamdanganya. Kila siku akaa mbele ya timazi, ajipanga nayo mwenyewe, halafu twamuekea kikombe cha kahawa upande wa kulia aufuate. Hatukumsukuma tena. Wiki kama saba hivi akakaa bila mtu.

Kwa hiyo kaka yangu, wewe una bahati, wajijua kama umepinda.

FizioWilayani

Ahsante sana dada, umeeleza vizuri kuliko mwalimu wangu. Hao wanaosukuma hali yao ndiyo hiyo: hisia ya wima imeharibika, macho bado mazima. Kumlazimisha kwa nguvu kunaongeza vita tu. Na si ukaidi, tafadhali watu wa nyumbani mlisikie hilo.

BodaMstaafu (Mwanza)

Mzee, mi nilipata nikiwa na 39, kushoto, mwaka wa tatu huu. Kandambili tupa. Leo. Inakulazimisha ukunje vidole uishike, na mguu wenyewe hauwezi kushika, unaburuta zaidi. Mi nilivaa raba za kamba, moja saizi kubwa zaidi ili splinti iingie. Splinti ya plastiki inayoshika nyuma ya shavu la mguu mpaka chini ya wayo: siku ya kwanza tu vidole viliacha kukwaruza na bega likashuka lenyewe, sikuwa nimefanya zoezi lolote la mgongo. Hapo ndo nilielewa wayo unapinda mpaka shingo.

Ila ilinichuna kwenye kifundo, nikaiacha wiki mbili. Vaa soksi ndefu, angalia ngozi kila jioni.

FundiNgamiani

Kijana, splinti nimeulizia, natafuta hela. Kwa sasa nimejitengenezea: lastiki pana ya inchi mbili, ile ya viuno vya suruali, nimeishona mkanda chini ya goti, ncha nyingine nimefunga kwenye kamba za raba. Inavuta vidole juu. Mke wangu anasema nafanana na karagosi. Binti wa fizio, je ni haramu?

FizioWilayani

Si haramu, fundi, ni akili. Ina mipaka: inanyanyua vidole lakini haizuii wayo kupindia ndani, na wewe unakanyaga kwa ukingo wa nje. Ukiona kifundo kinageuka, acha. Hamishia kifungo cha chini upande wa kidole kidogo, ivute ukingo huo juu. Isibane chini ya goti mpaka iache alama. Vua ukikaa. Na endelea kutafuta splinti.

FundiNgamiani (wiki tano baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi, na futi.

Kiti cha kazini nimekipandisha kwa marobota mawili ya pamba. Kila nikimaliza kukunja pindo moja nainuka na kukaa mara tano, mguu wa kulia nyuma. Siku ya kwanza niliinuka mara kumi na tano, mapaja yakatetemeka mpaka magharibi. Sasa sihesabu tena, nahesabu mapindo. Robota moja nimeshaliondoa.

La vibobini ndilo lililonishangaza. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nilipojaribu kuhamia kalio la kulia niligundua silijui. Miezi minane nimekaa upande mmoja kama nimekalia ukingo wa mtumbwi, na kiti changu cha mbao kweli kimelika kushoto, nilipotazama. Wiki ya tatu ndiyo nilianza kusikia mfupa wa kalio la kulia unagusa ubao.

Tofali bado ni adui. Nikiuinua wa kushoto polepole, nyonga ya kulia inaungua, na goti linataka kurudi nyuma. Kijana ananiwekea kiganja nyuma ya goti, nikikigusa ananiambia "taa!" tunaanza upya.

Vipimo: hatua ya kulia 38, ya kushoto 27. Mita 10 sekunde 26. Kulala kushoto kupo bado, bila lastiki ndiyo zaidi. Kule kuangukia kulia kumepungua, watoto wa mtaa wananiiga vibaya siku hizi, wanaigiza mwendo wa zamani.

Cherehani nimeijaribu. Nimeondoa kitambaa na uzi, nikakanyaga tupu. Wa kushoto ndio unaendesha, wa kulia nimeuweka juu ya kanyagio unapanda na kushuka bure kama abiria. Baada ya dakika chache nikahisi kisigino cha kulia kinajibu kidogo, au nimetamani tu, sijui. Binti, niendelee?

FizioWilayani

Endelea, bila uzi bado, dakika tano tano, viatu vimefungwa. Kalio la kulia liwe chini muda wote. Likinyanyuka, simama upumzike. Na jaribu kuuacha wa kulia uanze mzunguko, wa kushoto umalizie.

Kisigino sakafuni vipi? Kimetokea?

FundiNgamiani

Kisigino bado. Kidole gumba kimetokea, Jumanne, hatua moja kati ya sita. Mke wangu ndiye aliyekiona, alikuwa anapiga deki, akaniita nije nione kabla hajapitisha tambara.